Chai ya Mzee Mihayo

Hapo zamani, na zamani yenyewe wala si ya mbali, maana simu za kupangusa zilikuwa zimeshafika mpaka kwa wauza mkaa, palikuwa na dereva wa treni mjini Tabora, jina lake Mzee Mihayo. Kustaafu alistaafu, ila kuendesha hakuacha. Alinunua kigari cha rimoti, kadiri ya kupakatwa mapajani, akawa anakiendesha kila Jumapili jioni ndani ya ghala tupu la tumbaku, yeye na wenzake wenye ugonjwa huohuo.

Wenzake walishindana mbio. Yeye alishindana na chai. Aliweka kikombe juu ya kigari, akakiendesha kutoka mlangoni hadi mwisho wa ghala, alikokaa mkewe, Bi Nyamizi, kwenye kiti chake cha kukunja. Kigari kilianza taratibu, kikaenda taratibu, kikasimama taratibu, na chai isimwagike hata tone. "Abiria wangu hajawahi kulowa," mzee alikuwa akijisifu.

Bi Nyamizi alipokea kikombe, akachungulia ndani, akasema neno lilelile kila Jumapili: "Umeshaipiga funda, mwizi wewe!" Maana kikombe hakikufika kikiwa kimejaa. Mzee alicheka tu, wala hakujitetea. Miaka kumi na mmoja walikwenda hivyo.

Siri ya ulaini ule ilikuwa ndani ya kidhibiti, kidude kidogo kama kiberiti kinachoiambia mota iondoke vipi na isimame vipi. Mzee Mihayo alikipanga kwa namba zake mwenyewe, na namba hizo hakumpa mtu.

Siku zake zikafika, akafariki. Wosia wake juu ya kigari ulikuwa mfupi: "Apewe yule atakayempelekea Nyamizi chai bila kuimwaga."

Bi Nyamizi akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na katika siku zote hizo alikuwa na hamu moja: nikitoka, nikione kinanijia mara moja tu tena, kwa mwendo wake yeye. Alikuwa amemkumbuka mumewe mpaka kifua kinamuuma.

Jumapili ya kwanza baada ya eda, ghala lilijaa. Kigari kikatolewa kabatini, betri imevimba. Wakaweka betri mpya, yenye nguvu zaidi. Kidhibiti kikagoma. Taa nyekundu, inawaka na kuzimika, na kigari hakisogei.

Akatangulia Mzee Kasubi, rafiki wa marehemu tangu enzi za reli. Alikuwa na kisanduku chake cha mkononi cha kupangia vidhibiti, chenye vitufe vinne na waya mmoja. Akachomeka waya, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisanduku kikaonyesha tarakimu moja isiyomwambia kitu.

"Mzee, hicho ni cha enzi za kaseti," akasema Lugendo, kijana fundi simu, hana dogo.

"Hakiombi bando, hakiombi nywila," Kasubi akamjibu.

"Na leo hakisemi kitu."

Watu wakacheka. Lugendo akatoa simu yake, akaiunganisha na kidhibiti bila waya. Simu ikaeleza kwa maneno kwamba kidhibiti hakiitambui betri mpya, sharti programu yake ifanywe upya. Ikauliza: niendelee? Lugendo akagusa ndiyo. Taa ikawa ya kijani, na makofi yakapigwa.

Chai ikamiminwa, kikombe kikawekwa, Lugendo akaendesha. Kigari kikafyatuka, kikaenda mbio, na kilipofika mbele ya Bi Nyamizi kikakita papo hapo. Kikombe kikaruka. Chai yote kwenye kanga.

Haikumuunguza. Lakini alilia. "Huyu si yeye," akasema.

Lugendo akaitazama simu yake, akanywea. "Mama, nimezifuta namba zake. Simu ilionya, mimi sikusoma mpaka mwisho."

Ndipo Mzee Kasubi akavua kofia.

"Shemeji, namba ninazo."

"Umezipata wapi? Mihayo hakumpa mtu."

"Niliziiba. Mwaka juzi alikwenda kuswali alasiri, akaniachia kigari nimtunzie. Nikachomeka kisanduku changu, nikazinakili. Nilitaka nimpiku."

"Ukampiku?"

"Sikuthubutu hata kuzitumia. Kila nikimwona anakuletea chai, nilikuwa naona haya."

Bi Nyamizi akamwonyesha kigari kwa kidole, kwamba achomeke. Kasubi akachomeka, namba zikarudi. Kikombe cha pili kikawekwa, Kasubi akaendesha. Safari hii kigari kilisimama kwa ule upole wa zamani, hata Bi Nyamizi akashika kifua. Lakini betri mpya ina nguvu kuliko ya zamani, na pale mlangoni kigari kilikuwa kimeruka kidogo kikianza. Chai ilimwagika matone mawili juu ya bati la kigari.

Akanyanyuka Siwema, mama aliyepika chai ya ghalani miaka yote hiyo. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nipeni mimi. Kidole cha Mzee Mihayo nimekitazama miaka kumi na mmoja."

Akajaza kikombe. Kisha, mbele ya macho ya watu wote, akamwaga kidogo sakafuni, mpaka chai ikafika usawa wa ua lililochorwa ubavuni.

"Aaa! Unadanganya!" watu wakapiga kelele.

"Sidanganyi. Ndivyo alivyoniagiza kila Jumapili: Siwema, ikomee kwenye ua, isije ikamlowesha abiria wangu."

Bi Nyamizi akalitazama lile ua. Kumbe mumewe hakuwa akipiga funda. Hata siku moja.

Siwema akaigusa rimoti kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Kigari kikaondoka taratibu, kikaja taratibu, kikasimama taratibu. Hakuna tone. Bi Nyamizi akachukua kikombe, akanywa yote, machozi yanamtoka na huku anatabasamu.

Sasa kigari apewe nani?

Lugendo akasema: "Kilikuwa kimekufa. Bila simu yangu mngekuwa bado mnatazama taa nyekundu. Nimefuta, nakiri, lakini namba ndani ya gari lisilotembea zinamfaa nani?"

Kasubi akasema: "Kutembea, kila gari linatembea. Aliyekirudisha kuwa cha Mihayo ni mimi. Nimejivunjia heshima mbele ya shemeji yangu na mbele yenu. Ningenyamaza, nani angejua?"

Siwema akasema: "Wosia haukutaja simu, haukutaja kisanduku. Ulitaja chai. Nani kaileta?"

"Pungufu!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Pungufu ya Mihayo mwenyewe," akajibu Siwema.

Bi Nyamizi akakipakata kigari, akawatazama mmoja mmoja, akiwaza: Huyu kakifufua kigari, na kwa kidole hichohicho kamfuta mume wangu. Huyu kamwibia mume wangu, na wizi wake ndio uliomhifadhi. Na huyu kanifikishia chai bila kumwaga tone, lakini miaka kumi na mmoja alinisikia nikimwita mume wangu mwizi, akijua kwamba si mwizi, asiniambie.

Tena alijua jambo jingine: atakayempa, huyo ndiye atakayemletea chai Jumapili zote zilizobaki.

Mikono mitatu imenyooshwa, na kigari ni kimoja. Bi Nyamizi akashindwa, akawageukia watu wa ghalani. Watu wa ghalani wakabishana mpaka sauti zikawakauka, wakanigeukia mimi. Nami, wenzangu, nawageukieni ninyi. Kama kikombe kile kitupu kingekuwa mkononi mwako, na kigari kipo mapajani: je, kati ya watatu hawa, nani alistahili?