Jiwe la Arobaini

Sogeeni karibu. Aliyechoka aegemee ukuta wala asione haya, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka, na mwenye kuisimulia naye hajakaa tangu alfajiri.

Katika mji wa Kwemdimu, kwenye mashamba ya mkonge, palikuwa na nyumba moja ya kupanga. Humo waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Mzee Singano, fundi redio, alikuwa na sikio. Mguu wake wa kushoto uliumia zamani kiwandani, ukabaki hivyo, lakini redio tano zikiongea kwa pamoja mezani kwake alijua kila moja imesema nini.

Kibwana, mnadi wa mitumba sokoni, alikuwa na mdomo. Aliwahi kumuuzia mtu koti la sufu kwenye joto la Januari, na mtu yule akaondoka akishukuru.

Mwajabu, mwanikaji wa katani, alikuwa na miguu. Kwa miaka kumi na miwili alisimama juani akitandaza nyuzi mbichi kwenye waya, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa kabla king'ora cha kiwanda hakijalia.

Chumba cha nne kilikuwa cha bibi mmoja aliyemlea mjukuu wake, Hoza. Bibi alipofariki, Hoza hakufukuzwa. Alikula kwa Mwajabu, akavaa vya Kibwana, akafanyia hesabu zake za shule mezani kwa Mzee Singano, katikati ya redio zilizofumuliwa. Sasa Hoza ni mtu mzima, kipa wa Katani, timu ya mji, na Katani imeingia fainali ya kombe la mkoa kwa mara ya kwanza. Siku ya kwenda kambini alisimama uani akawaambia, "Mimi sina baba, sina mama. Hata mmoja wenu tu, awe nyuma ya goli langu. Nikigeuka nikamwona mtu wa nyumbani, nitatulia."

Wakamwahidi. Ahadi ni deni, na hili walilipokea bila kujua ukubwa wa uwanja.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa watu elfu nne. Nafasi elfu mbili na mia tano wakapewa wenyeji, wapinzani wa Katani, kwa kuwa uwanja ni wao. Elfu moja wakatengewa viongozi, wafadhili, na wageni wa wageni. Mia tatu zikaenda mashuleni. Zikabaki mia mbili kwa Kwemdimu, wenye timu. Hizo nazo zikapitia kwanza mezani kwa mwenyekiti wa chama cha mashabiki, na mezani kwa mwenyekiti kuna upepo mkali. Zilipofika kwa katibu zilikuwa arobaini.

Katibu alikuwa Mwalimu Mwantumu, mstaafu, mama wa watu mwenye miguu inayovimba. Tiketi hazikuwa za kuuzwa. Alitakiwa azigawe kwa foleni, aandike jina la mtu juu ya kila moja, na mlangoni jina lilinganishwe na kitambulisho. Hakujiwekea hata moja. Siku tatu alikuwa akiwajibu watu "hazitoshi", mpaka neno lenyewe likamchosha ulimi.

Sasa sikieni jinsi jiwe lilivyofika dirishani kwake.

Wiki nzima watu waliambiwa tiketi zitagawiwa ofisini kwa chama. Jumatano jioni, mwisho kabisa wa matangazo ya mkoa, wakati wengi wameshazima redio, ikasemwa kwamba zitagawiwa kwenye ghala la mkonge, njia ya mtoni. Mzee Singano alikuwa na redio ya mteja mkononi, akasikia. Alfajiri akajikongoja na mguu wake, mwendo wa saa moja kwa wenye miguu mizima, yeye ukamchukua saa mbili. Akakuta mawe thelathini na tisa yamepangwa mstari, kila moja likimshikia mwenyewe nafasi kwenye foleni. Akaokota lake, la rangi ya kutu, akaliweka la arobaini. Kurudi nyumbani alibebwa kwenye mkokoteni wa kuni.

Adhuhuri akaja mgambo. "Jiwe halishangilii mpira! Toeni mawe yenu, watu wapange foleni upya!" Waliochelewa wakapiga makofi. Kibwana, ambaye Mzee alimtuma akaliangalie jiwe, akasogea mbele.

"Afande, kwako maji yanatoka kila siku?"

"Yatoke wapi?"

"Basi mkeo akirudi kupika, huacha nini bombani?"

"Jiwe," alisema mgambo.

"Na mtu akilitupa jiwe la mkeo, wewe utamfanya nini?"

Alianza na mgambo, akaja kwa mkubwa wake, akamalizia kwa wale waliochelewa, mmoja mmoja, hadi jua likapinda. Mwishowe ikakubaliwa kwamba mawe yabaki, ila kila jiwe liwe na mtu wa kusimama kando yake. Lakini sauti ya Kibwana ilikwenda na maneno yake. Ijumaa, siku ya gulio, alisimama katikati ya nguo zake akipunga mikono, na wateja wakampita.

Aliyesimama kando ya jiwe alikuwa Mwajabu. Alisimama Alhamisi iliyobaki hadi ghala likafungwa. Ijumaa kabla hakujapambazuka alikuwa amerudi, akasimama mpaka alasiri. Watu walizimia, wakapepewa; wengine walikwenda kununua maji wakarudi wakakuta mawe yao mtaroni na mawe ya wengine mahali pake. Yeye hakwenda popote. Foleni ikasogea, naye akalisogeza jiwe kwa unyayo, hatua kwa hatua, mpaka dirishani. Hapo ndipo wenzake walipomfuata, wote watatu wakasimama mbele ya Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mwajabu.

"Marahaba. Kitambulisho."

Vikawekwa vitatu kwa mpigo. Mwalimu akavihesabu kwa kidole.

"Haya, na hii ni nini tena?"

"Ni sisi," alisema Mzee Singano. "Hilo hapo jiwe letu."

"Mzee wangu, jiwe moja ni tiketi moja."

"Mwalimu, bombani jiwe moja ni nyumba nzima! Ndoo zote za nyumba hujazwa kwa jiwe moja. Tungejua, tungeweka matatu. Kwani Kwemdimu tuna uhaba wa mawe?"

Mwalimu Mwantumu akafumba macho. Hata kwenye bomba la mtaani kwake, asubuhi ile ile, jiwe lake moja lilikuwa limeshikia ndoo nne. Kosa la watu hawa lingekuwa lake pia.

"Hapa si bombani," alisema taratibu. "Nayo ndiyo ya mwisho."

Dereva wa mwenyekiti alikuwa ameegemea nguzo, akichokonoa meno. "Mwalimu, lori la mashabiki linaondoka saa kumi kamili. Bosi kasema tiketi isiyo na jina saa hiyo irudi kwake. Ana shemeji yake."

Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Bila sikio langu," alisema Mzee Singano, "jiwe hili lingekuwa bado njiani linakanyagwa."

Kibwana akafungua mdomo, ukatoka mkwaruzo tu. Mwalimu ikambidi atoe kichwa dirishani amsikie. "Bila mdomo wangu, lingekuwa mtaroni."

"Bila miguu yangu," alisema Mwajabu, "lingekuwa bado la arobaini, kule nyuma."

Waliokosa hawakuwa wameondoka, na aliyekosa chake huwa na ushauri mwingi.

"Apewe mzee!"

"Nyuma ya goli hakuna viti. Atasimama kwa mguu upi?"

"Apewe Kibwana, amshangilie kipa!"

"Kwa sauti ipi?"

"Basi Mwajabu!"

"Huyo hata kuotea hakujui!"

"Namjua Hoza," alisema Mwajabu.

"Pigeni kura basi!"

"Kura haikusimama juani," alisema Mwajabu tena, na wenzake wakaafiki.

Ndipo Mwalimu akakumbuka ujanja wake wa darasani, wa siku ambazo watoto waligombea kitabu kimoja. Akachana karatasi vipande vitatu. "Kila mmoja aniandikie jina moja, lisiwe lake." Alihesabu kwamba wawili lazima waangukie kwa mtu mmoja, na yeye aende nyumbani akaloweke miguu.

Akafungua cha Mzee Singano. Kimeandikwa Mwajabu. "Jana jioni alishindwa kuvua viatu vyake," alisema Mzee. "Mimi ndiye niliyemvua."

Akafungua cha Mwajabu. Kimeandikwa Kibwana. "Sauti ndiyo jembe lake, Mwalimu. Ametutolea yote."

Akafungua cha Kibwana. Kimeandikwa Mzee Singano. Kibwana akanong'ona, "Kwa umri wake, fainali nyingine ataisubiria wapi?"

Mwalimu Mwantumu angekuwa na nguvu angecheka. Ugomvi aliuzoea, miaka thelathini aliukata kwa fimbo na kengele, lakini hawa walikuwa wameacha kugombana na bado hakuna alichoweza kuandika. Akavipanga vile vikaratasi upya, akaanzia kwa Kibwana, akaanzia kwa Mwajabu. Vilizunguka vikarudi palepale.

Lori likapiga honi.

Mzee Singano akaegemea ukuta, mkono sikioni, kama asiyetaka kusikia. Kibwana akafumba mdomo. Naye Mwajabu, mbele ya mji mzima, na king'ora hakijalia, akakaa chini juu ya jiwe.

"Andika yeyote, Mwalimu," alisema. "Ila andika. Yule mtoto atageuka."

Honi ya pili. Dereva akajitoa nguzoni, akanyoosha kiganja chake dirishani. Mwalimu aliangalia saa, zimebaki dakika mbili. Akaivuta tiketi karibu, akaishika kalamu.

Nami, wenzangu, nguvu zangu zimekomea hapo zilipokomea za Mwalimu. Kalamu naiacha mikononi mwenu. Sikio lilileta habari, mdomo uliokoa jiwe, miguu ililifikisha, na nafasi ni moja. Kesho Hoza atageuka kutazama nyuma ya goli lake, atafute uso wa nyumbani, na mkikawia sana atakutana na uso wa shemeji wa mwenyekiti.

Je, wewe uliyekaa hapo, ungeandika jina la nani?