Tawi la Mnyaa Kwenye Njia Panda

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ambao mvua ilisusa na mawe ya milimani hayakupoa hata usiku wa manane, kulisikika kicheko huko nje: "Hiiii-hi-hi-hi!"

Mama Chembe akaketi wima kitandani. Yeye alikuwa digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama vijiti, na kando yake walilala mumewe, Baba Chembe, na mtoto wao mmoja tu, Chembe. Akatega sikio ukutani. Nje walikuwa Fisi na Chui.

"Tuwale sasa hivi," Fisi alinong'ona. "Tumbo linaniunguruma, nguru-nguru-nguru!"

"Mjinga wewe," Chui akamjibu. "Ukila leo, kesho utakunywa nini? Visima vyote vimekauka. Hawa wadogo wanaijua chemchemi ya nyuma ya mlima. Tuwafuate. Tunywe kwanza, halafu tuwale palepale majini, kwa raha zetu."

"Ala! Kumbe una akili, kaka!"

Moyo wa Mama Chembe, du-du-du-du! Akamwamsha mumewe, akamweleza yote, maneno yakikanyagana.

"Nitatangulia mimi, alfajiri," alisema. "Watanifuata, maana wanataka maji kwanza. Wewe kaa na mtoto mpaka jua la utosi lipite, ndipo mtoke. Kwenye njia panda nitaweka tawi, kama kawaida."

"Peke yako, mke wangu? Utawaweza?"

"Nitawachezesha hao mpaka wajute kuzaliwa. Wewe fuata tawi tu."

Maana huko milimani, wanangu, desturi ilikuwa hiyo: aliyetangulia hukata tawi bichi na kulilaza kukatisha njia isiyofaa, ili wa nyuma wajue hii imefungwa, wapite ile nyingine. Hata watoto walijua. Hata Fisi alijua.

Basi alfajiri Mama Chembe akashika njia, ki-ki-ki-ki juu ya mawe. Jua likatoka, likapanda, mawe yakawa kikaango, koo likakauka hata mate hayamezeki, na huko nyuma anasikia kokoto zinaporomoka, para-para-para! Wanakuja. Akafika njia panda. Kulia, chemchemi. Kushoto, korongo lisilo na tone la maji, lenye vichochoro vinavyopindana mpaka anayeingia hajui tena alikotokea.

Akakata tawi la mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe. Akalilaza, tii, kulia. Akaifunga njia ya maji! Kisha akaruka mwamba hadi mwamba, akajibanza juu, kimya.

"Wakishapita tu," alijiambia, "nashuka, nalihamisha."

Mara wakatokea, ndimi nje.

"Kaka, tawi hili hapa," Fisi akasema. "Lakini mbona nanusa maji upande huu huu uliofungwa?"

"Wewe? Tangu lini pua yako ikanusa kitu ambacho hakijaoza?" Chui akamcheka. "Mumewe na mtoto wanakuja nyuma, si uliwaona wamebaki? Tawi hili ni lao. Mama gani atampotezea mwanawe njia? Twende kushoto!"

"Haya, kaka, twende!"

Wakatokomea korongoni, puu-puu-puu. Mama Chembe akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Kwi-kwi-kwi! Wakubwa wazima, meno yote yale!

Akataka kushuka akahamishe tawi. Lakini upepo ukaleta harufu ya maji, na yeye tangu jana hajagusa tone. Funda moja tu, akasema. Nanywa funda moja, narudi, jua bado. Akakimbilia chemchemini, akanywa, akanywa tena, akaingiza na miguu, akajaza kibuyu, akajilaza kivulini apumue kidogo, usingizi ukamchukua jumla.

Alipofumbua macho, ilikuwa alfajiri nyingine. Baba Chembe hayupo. Chembe hayupo.

"Tawi!" akapiga yowe. "Mama wee! Tawi langu!"

Akakimbia, kibuyu kinampiga mbavuni. Tawi lilikuwa palepale, bado bichi, mnyaa haunyauki upesi. Mchangani kushoto kulikuwa na nyayo kubwa za Chui na Fisi. Juu yake zilikanyaga nyayo ndogo. Na kando, nyingine ndogo zaidi, kama punje za kunde.

"Chembeee!"

"Mbeee... mbeee..." korongo likajibu.

Akaingia, akapinda huku, akapinda kule, akaita mpaka sauti ikakauka. Jua lilipofika utosini akasikia kisauti kutoka kwenye ufa wa mwamba: "Mama."

Chembe alikuwa humo, midomo imepasuka. Akamnywesha kidogo kidogo.

"Baba yako yuko wapi?"

"Fisi na Chui walikuwa wamepotea humu, wana njaa. Baba akanisukuma ndani, akasema nisitoke hata nikiitwa jina langu. Akakimbia mbele yao akipiga mluzi, zik! zik! zik! Wakamfuata."

"Halafu?"

"Halafu mluzi ukaisha."

Mama Chembe hakulia. Alishindwa.

"Mimi nilimwambia, mama. Nikasema, baba, mbona huku kuna nyayo za Chui? Akasema tawi ni la mama yako, na mama yako hawezi kutupoteza." Mtoto akamtazama. "Nani alilihamisha, mama?"

Uongo ulikuwa tayari, wanangu. Angesema upepo. Angesema ni Fisi, na mlima mzima ungemwamini, maana Chui na Fisi hawakutoka tena humo, kiu iliwamaliza. Akafungua kinywa.

"Hakuna aliyelihamisha," akasema. "Nililiweka vile mwenyewe, ili wapotee wao. Nikaenda kunywa maji kabla ya kurudi kuligeuza. Ukitega njiani, mwanangu, kumbuka kwanza nani anakuja nyuma yako."

Chembe akajisogeza, akaweka kichwa chake chini ya kidevu cha mamaye.

"Majirani wakiniuliza nyumbani, nitasema sikuona kitu," akanong'ona. "Sitamwambia mwingine yeyote, mama. Haki ya Mungu."