Tableti Isiyomjua Tarsisi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini wakubwa wetu hupenda kutandika vitanda vya wenzao, kisha huenda kulala kwao.

Huko Rumonge, ushirika wa wavuvi ulizungushia uzio uwanja wa kuanikia ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, ukaagiza programu ya kuwatambua wanaoingia. Schékinah, binti aliyeitengeneza, alichora kwanza vijitu, kimoja kwa kila aina ya mtumiaji: nani anakuja, anataka kufanya nini, apitie hatua zipi hadi amalize. Alimuuliza mkuu wa ushirika, Bwana Lameki, ambaye hajawahi kugeuza hata ndagala mmoja juani.

"Iko wavuvi na wanunuzi. Basi," alijibu Lameki, simu ikiwa sikioni.

Tarsisi hakuwa mvuvi wala mnunuzi. Mkewe alipofariki, alirithi kazi yake ya kuwaanikia wengine. Asubuhi moja aliingia pamoja na Hadjara, mnunuzi, aliyemwachia mzigo wote wa ndagala auanike, akapanda gari la Bujumbura. Tarsisi akatoka kunywa chai. Ghafla mawingu yakatanda; akarudi mbio.

"Fungua, Jephté! Mvua!"

Mlinzi akamnyooshea tableti yenye ile programu. "Chagua, muzee. Uko muvuvi ao munuzi?"

Akabonyeza mvuvi, ikadai namba ya mtumbwi. Akabonyeza mnunuzi, ikadai namba ya siri ya Hadjara, na simu ya Hadjara ilikuwa imezimwa.

"Kwani hunijui, mutoto wangu? Jana si nilikupa mboga?"

"Mimi nakujua, muzee. Tableti ndiyo haikujui."

Tarsisi akababaika kama kuku aliyemwagiwa maji. Akaitazama mikono yake yenye magamba, asijue tena yeye ni nani. Mvua ikashuka, ndagala wakawa uji.

Kesho yake alimfokea Lameki. "Marehemu mke wangu alizeeka akianika hapa, na kwenye orodha yenu hakuwahi kuwako!"

Lameki akamtazama Schékinah. Schékinah akautazama mchoro wake, asielewe kosa liko wapi. Kila mshale ulikuwa mahali pake. Akavua viatu, akamfuata Tarsisi uwanjani, akageuza ndagala wa watu hadi mgongo ukamuuma na manyunyu yakamkimbiza. Jioni akachora kijitu cha tatu, na kando yake: mvua ikija ghafla.

Juma lililofuata Tarsisi alibonyeza "mwanikaji". Jephté akafungua, akicheka. "Karibu, muzee, sasa uko mutu!"

Ndani, kichanja chake kilikuwa kitupu. Baada ya mzigo wake kuharibika, Hadjara alikwisha kumpa kazi mwanikaji mwingine. Tarsisi akasimama pale, kibali anacho, ndagala hana, asijue acheke au alie. Lameki, aliyekitandika kitanda, hakuwako; aliyeumwa na kunguni alikuwa Tarsisi. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.