Kitanda cha Bi Mize Kilichotamaniwa

“Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.” Mmeisikia leo mkacheka, tulieni basi, msikie ilikoanzia.

Katika mji mmoja wa pwani, kitanda cha bibi harusi hutandikwa na mwanamke mwenye ndoa njema kuliko wote, ili bahati yake imfuate mwari. Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyo alikuwa Bi Mize. Barazani mumewe, Bwana Faki, humwita “nuru ya macho yangu” hadi wapita njia wakatabasamu. Mlango ukifungwa, humkaushia; akitaka maji humwambia paka, “Paka, nina kiu,” na Mize huyaleta. Mize alinyamaza. Angesema nini, naye ndiye kioo cha mji?

Siku ya harusi ya Raya, binti wa dadake, nyumba ilivuma kwa ngoma na vigelegele. Wanaume walikwisha kwenda msikitini kusoma nikahi. Mize alikuwa akimwaga asumini kitandani, wanawake wakitania: “Mwacheni fundi! Ndiye aliyemtia Faki kiganjani!”

Raya akamsogelea. “Mama mdogo, huyu bwana simpendi hata chembe. Lakini mama kaniambia hata wewe hukumpenda mumeo, ukavumilia, na leo mnapendana kama njiwa. Basi nimekubali. Nitandikie kama chako.”

Mize akang'amua: kumbe kimya chake ndicho chambo kilichomnasa Raya!

Akaivuta shuka kwa nguvu, maua yakatapakaa sakafuni.

“Mize! Una wazimu?” akamaka dadake, Bi Time. “Nyumba imejaa watu!”

“Na waje wote wasikie, dada! Faki hajanena nami ndani tangu mwaka wa kwanza. Huzungumza na paka!”

Kicheko kikaanza, kikakatika.

“Mbona kitanda chako sote twakitamani?” akauliza jirani.

“Mwakiona mchana, kimetandikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Raya, mwanangu, wamtaka au humtaki?”

“Simtaki!”

Bi Time akamtazama bintiye, akamtazama mdogo wake. Kisha akajitupia buibui, akatoka mbio kuwahi msikitini.

Nikahi haikusomwa. Kabla ya jua kuzama Mize alikuwa kwa kaka yake na kasha lake la nguo, akidai talaka. Wapo waliosema kaitupa ndoa ya dhahabu. Wanawake wa chumba kile wakawajibu, nanyi sasa mnajua kwa nini: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.