Mashimo ya Mbweha

Hodi, wenye mji!
— Karibu, mwenye ngano!
Naingia nayo!
— Ingia nayo, mlango uko wazi!

Hapo kale nchi ilikuwa kavu, udongo mgumu, na mchimbaji wa mashimo alikuwa mmoja tu, Muhanga. Alichimba, akalala siku mbili tatu, akahama. Aliyekuta shimo tupu aliingia na wanawe. Hapakuwa na mwenye nyumba.

Mbweha akakaa, akawaza. "Wanyama wanazaana, mashimo hayazaani." Akamwendea Muhanga.

"Kaka, kila shimo utakalochimba nipe mimi. Nami nitakuonyesha vichuguu vilivyojaa mchwa."

Muhanga akisikia mchwa, basi tena. Akachimba, Mbweha akachukua. Akachimba, Mbweha akachukua. Akachimba, Mbweha akachukua, na kila mlango akauziba kwa miiba.

Akaja Mama Ngiri na watoto watatu. "Bwana Mbweha, nistiri. Chui anazunguka. Nimeona kichuguu kimoja, nitakuonyesha."

"Bei ni vichuguu viwili."

Akaenda kutafuta. Akarudi na habari ya vichuguu viwili, na watoto wawili.

"Viwili ilikuwa jana, mama. Bei imepanda."

Akaenda. Akarudi na mtoto mmoja. Mnaniuliza wale wengine wamekwenda wapi? Mnajua walikokwenda.

"Basi nikae tu nikufagilie," akasema. "Mashimo yote ni matupu!"

"Nyumba ikikaliwa inachakaa. Nangoja ipande bei."

Muhanga akasikia, akaona aibu. Akaacha mchwa wake, akamchimbia Mama Ngiri shimo kwenye changarawe, asidai kitu.

"Samahani, dada. Nimechelewa."

"Umechelewa," akasema Mama Ngiri, akaingia na mwanawe.

Kiangazi moto ukashika nyika. Mbweha mbio shimo la kwanza: dari imeporomoka, hakuna aliyekuwa akilitengeneza. Mbio la pili: mchwa wamelijaza udongo. Mbio la tatu: ndani kuna nyoka, Swila mtema sumu, ametanua shingo. "Karibu, mwenye nyumba!"

Mkia umeshaanza kuungua. Akafika kwenye changarawe. "Mama Ngiri, nistiri!"

Ninyi mngemfungulia?
— Hatumfungulii!
Hata mimi nisingemfungulia.

Mama Ngiri akamtazama, akamtazama, kisha akasogea. "Ingia. Nafasi ipo. Lala pale. Ndipo wangelala wanangu wawili."

Mbweha akalala pale mpaka moto ukapita. Alipotoka aliing'oa miiba yote kwa meno, mlango kwa mlango, damu ikimtoka. Usiku akalia. Mpaka leo analia usiku, mnamsikia.

Na ngiri naye, mtazameni jioni. Huingia shimoni kinyumenyume, uso ukibaki mlangoni. Wengine husema anamwogopa chui. Mimi nasema bado anawatazamia wale wawili.

Ngano yangu imefika kizingitini, naitua hapa. Mkienda kufunga milango yenu leo, tazameni kwanza nani amebaki nje.
— Tutatazama!