Kadi ya Picha na Kiti cha Utingo

Sogeeni karibu, na mwenye simu aibane mfukoni, maana leo nina mzigo na sishushi kwa watu wanaosinzia. Mkiniitikia vizuri, nasimulia vizuri. Mkininunia, nafunga turubai naondoka zangu. Tumeelewana? Haya.

Palikuwa na mzee mmoja pale Uyole, Mbeya, akiitwa Mzee Asukile. Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na Mlima Kitonga aliupanda na kuushuka mpaka kona zake akazipa majina. Kisha kisukari kikamshika, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti, na leseni ikaishia kabatini. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa barazani, anasikiliza malori yakipita barabara kuu. Kwa mlio tu angekwambia lipi limebeba shaba na lipi linarudi tupu. Kukosa mguu alikuzoea mapema, lakini kukosa barabara hakukuzoea hata siku moja.

Mzee huyu alikuwa na watoto watatu, na Mungu hakumnyima hata mmoja wao kipaji. Subilaga, wa kwanza, alikuwa fundi cherehani. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako, na futi haimtoki shingoni hata akienda kanisani. Gwamaka, wa pili, alikuwa fundi umeme. Friji iliyokataliwa na mafundi wanne, yeye anaigusa mgongoni na kusema, "Huyu haumwi, ana homa tu." Sekela, kitinda mimba, alikuwa mwalimu wa sekondari, na kipaji chake ni kunusa udanganyifu. Mwanafunzi aliyenakili mtihani alimjua kabla hajafika swali la pili.

Sasa shikeni jambo hili, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mzee Asukile nyumbani alikuwa bubu. Si kwa ubaya, la! Maneno yalimkimbia mbele za watu. Kwenye harusi ya Subilaga alisimama kutoa nasaha za baba, ukumbi mzima ukanyamaza, naye akasema, "Chakula kipo," akakaa. Lakini mpe usukani, mweke utingo wake kiti cha kushoto, macho yawe barabarani. Wewe! Hapo atasimulia kutoka Igawa mpaka Chalinze bila kumeza mate. Kila utingo aliyepita mikononi mwake aliondoka na utajiri wa hadithi, na wote walijua sheria yake: habari huisimulia mara moja tu, kwa mtu mmoja tu. Ukimwomba airudie anasema, "Mzigo ukishashushwa umeshushwa."

Basi, lori lake la mwisho lilipouzwa chuma chakavu, tajiri wake alimpa viti viwili vya mbele viwe ukumbusho. Gwamaka akavifunga kwa nati kwenye sakafu ya sebule, cha dereva kulia na cha utingo kushoto. Mbele ya viti akaweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, usukani wa gemu, na gemu la malori ambalo vijana fulani walikuwa wameichora ndani yake barabara yetu ileile, na Kitonga yake.

Mzee akakaa, Gwamaka kushoto kwake, akawasha. Lo! Picha zikawa zinarukaruka. Lori linakwama, linakurupuka, mti unatokea puani ndipo unauona. Hata kilomita mbili hazijaisha, mzee akaachia usukani akashika kichwa.

"Hili lori limelewa," alisema. "Nishusheni."

"Si lori, baba," Gwamaka akamwambia. "Kompyuta hii haina kadi ya picha. Ni kile kipande kinachochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Hii ilitengenezwa kwa kuandikia barua, haiwezi kuchora mlima huku unaendesha."

Moyo wa mzee ulikuwa umekwenda mbio pale alipoliona bango la Chimala, ingawa lilikuwa linatetemeka, na aliona aibu kuutaka mchezo wa watoto kiasi kile. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu:

"Atakayenirudisha barabarani sawasawa, kiti cha utingo ni chake safari ya kwanza. Na safari hiyo nitasimulia habari ya mama yenu."

Hapo nyumba nzima iliacha kupumua. Mama yao alifariki Sekela akiwa bado ananyonya. Kwa miaka yote hiyo mzee hakuwahi kusema walikutana wapi, mama alicheka vipi, wala alipenda nini. Kutoka kwake walijua jambo moja tu, kwamba siku ya kwanza kumwona alimpa lifti, mama akakaa kiti cha utingo.

Kesho yake wakaenda mjini, Mwanjelwa, kwenye duka la mama mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta, Mama Nelu. Mzee na magongo yake akawamo, kwani nani angemzuia? Ndani ya kabati la vioo kadi zimepangwa, nyingine zina feni moja, nyingine mbili. Moja ilikuwa na feni tatu, imewekwa katikati kama bibi harusi.

"Ile," mzee akasema papo hapo. "Ekseli tatu. Lori la ekseli tatu, safu tatu za magurudumu, halilali njiani."

Mnacheka? Mzee wa watu alikuwa amechagua malori kwa namna hiyo maisha yake yote, na hakuna hata moja lililomwangusha. Mama Nelu akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa. Sekela akaishika, akaigeuzageuza, akauliza, "Shikamoo, mama. Samahani, mbona kibandiko ni kipya na skrubu zimechunika?"

"Marahaba. Mwanangu, ndivyo nilivyoletewa."

"Basi tuijaribu hapahapa. Tuiache ifanye kazi saa nzima."

"Saa nzima! Umekuja kununua au umekuja kuhamia?"

Sekela akacheka, lakini akavuta kigoda akakaa mbele ya kompyuta ya duka. Dakika kumi, picha safi kama maji. Dakika ishirini, safi. Gwamaka akaanza kuona haya kwa niaba ya ukoo. Ilipofika nusu saa na kadi ikapata joto, michirizi ya kijani ikashuka kwenye kioo kutoka juu hadi chini, halafu mashine ikaganda. Ile kadi ilikuwa mzee aliyepakwa wanja. Mama Nelu mwenyewe alishika mdomo, maana naye alikuwa ametapeliwa alipoinunua, akaichomoa kwenye mashine akaitupia chini ya meza. Bila Sekela, wangeibeba ile mpaka Uyole na furaha yao yote.

Akaleta nyingine, mpya kweli, nayo ni ya feni tatu. Sekela akaikalia kigoda saa nzima, haikutetereka.

"Nilisema," mzee akatamba, akishika magongo tayari kwa kuondoka. "Ekseli tatu. Twendeni."

"Baba, subiri," Subilaga akasema. Alikuwa ameshavua futi shingoni. Asubuhi ile, kabla hajanywa chai, alikuwa amelifungua kasha la kompyuta akalipima ndani kama anavyompima bwana harusi suti: urefu, kimo, na nafasi ya waya kupita. Akainyoosha futi juu ya kadi. "Kasha letu lina inchi kumi. Hii ni kumi na moja na nusu."

"Si uisukume itaingia?"

"Baba, nguo isiyoingia mwilini si yako, hata ikiwa ya hariri."

Akazipima zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, huku Mama Nelu akimshikia ncha ya futi. Ikapatikana moja fupi, nene, ya feni mbili, ya inchi tisa kasoro kidogo. Sekela akaikalia saa yake, ikafaulu. Mzee alinuna njia nzima. Feni mbili! Alijiona kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa mbuzi. Lakini ile ndefu wangefika nayo nyumbani wakaitazama tu, na Mama Nelu alikuwa ameandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikitoka dukani hairudi.

Wakafika Uyole, wakaifunga. Kadi ikaketi mahali pake kana kwamba ilishonewa pale. Wakawasha. Taa ikawaka, feni zikazunguka, uwanja wa malori ukatokea kwenye kioo mpaka kokoto unaziona. Mzee akakanyaga mafuta. Puu! Giza. Wakawasha tena, ikazima tena palepale lori linapoondoka.

"Basi," mzee akasema, akiachia usukani. "Mungu hataki. Vifungueni viti hivi muwape majirani."

Gwamaka alilala kifudifudi nyuma ya kompyuta, akaweka kiganja kwenye kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, akanusa, akasikiliza.

"Haijafa," alisema. "Ina njaa. Kadi inakula, na mlishaji wake ni wa kulisha mashine ya barua."

Jirani mmoja fundi fundi, mnawajua hao, akashauri waunge waya ubavuni mambo yaishe. Gwamaka akakataa katakata. Nyumba ngapi alikuwa ameitwa kuzitazama zikiwa majivu kwa waya wa kuunga? Akaenda kwenye karakana yake, akafungua mashine sita mbovu, akapata mlishaji mmoja mwenye nguvu, akampima kutwa nzima na kumsafisha, akamfunga. Kisha, kwa kuwa umeme wa Uyole una hasira zake, akaweka na stebilaiza ya kuutuliza. Safari hii mzee alipokanyaga mafuta, lori liliunguruma na lisizime. Bila Gwamaka, ile kadi nzuri ingebaki pambo.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee Asukile amekaa kiti cha dereva, injini inanguruma taratibu, mbele yake barabara imenyooka haina hata mkunjo. Kwa mbali mlima, na mawingu yanakwenda kama yanavyokwenda mawingu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ndaga," alisema, ndiyo asante ya kwao, "ndaga fijo, wanangu."

Lakini hakuondoa breki. Maisha yake yote hakuwahi kuondoa lori kiti cha kushoto kikiwa kitupu. Akakitazama kile kiti, kisha akawatazama wale watatu wamesimama mlangoni, na hapo ndipo alipoona alichokifanya. Alisema "atakayenirudisha." Hakuwahi kufikiri watakuja watatu. Na ahadi ni deni.

"Semeni," aliwaambia. "Nawasikiliza."

"Mimi ndiye mkubwa," Subilaga akaanza. "Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hawa nimewalea mimi. Kila swali la kumhusu mama waliniuliza mimi, na nisilolijua, baba, nililibuni. Nimechoka kubuni. Nataka siku moja niwe mimi ninayesimuliwa."

Sekela akageuka. "Ulibuni? Na ule wimbo aliokuwa akiniimbia?"

"Nilitunga mimi, mdogo wangu."

"Na lile gauni la njano?"

Subilaga akainamisha kichwa. Sekela akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia dada yake, halafu akasema, "Basi baba, mimi hata kidogo nilichokuwa nacho si cha kweli. Wenzangu wana sura yake kichwani, mimi sina kitu. Nani mwenye kiu kunishinda?"

Gwamaka alikuwa wa mwisho, na alisema polepole. "Mimi nilikuwa shule ya msingi ya bweni. Habari ilinifikia mama ameshazikwa. Dada alimshika mkono, Sekela alikuwa kifuani kwake. Mimi sikumuaga."

Mtasema wapeane zamu. Nani arudie? Mzee harudii. Mtasema wakae wote watatu, wengine nyuma. Wakijaa watatu, mzee atasema chakula kipo, na habari ya mama yao itakwenda naye kaburini.

Nimeisimulia hii Makambako, wakagawanyika ukumbi mzima. Mafundi walisema ni Gwamaka, kwa kuwa ndiye aliyeamsha kilichokwisha kufa. Washonaji walisema Subilaga, walimu wakasema Sekela, kila mtu akavutia kwake, ikawa aibu tupu. Bibi mmoja akasema kazi zao ni sawa, kwa hiyo apewe mwenye kiu zaidi. Mwenzake akamrukia: kiti kiliahidiwa kazi, hakikuahidiwa kiu! Mpaka naondoka walikuwa hawajamalizana.

Msinitazame mimi. Mimi nimepakia, kushusha ni kazi yenu. Injini inanguruma, mkono wa mzee uko kwenye breki, kiti ni kimoja, na mama atasimuliwa mara moja tu.

Je, ungekuwa wewe Mzee Asukile, ungemwita nani akae kushoto kwako? Na wale wawili watakaobaki mlangoni ungewaambia nini?