Kwa Nini Pole Si Samahani

Nyinyi mnaogawa pole kama maji, hamjui ilivyokuwa adimu. Enzi hizo watu wa Kidongoni walikuwa na neno moja tu la kumwambia aliyefikwa na jambo: samahani. Nalo lilikuwa neno zito. Ukilitamka, kosa limekuwa lako, na desturi ya mji ilikutaka ulifidie kwa jasho lako. Basi mtu akianguka njiani, wenzake walitazama mawingu kana kwamba wameitwa huko.

Mfinyanzi Mwanashaha ndiye pekee aliyeshindwa kunyamaza. Paa la jirani likivuja, samahani; kesho yake yuko juu anaezeka. Mahindi ya mtu yakiliwa na nyani, samahani, akapewa jembe. Watu walimcheka, huku wakimngojea aseme tena.

Asubuhi moja alikuta vyungu vyake arobaini, vya harusi ya binti yake, vimekanyagwa na kuwa vigae. Aliketi katikati ya vigae hivyo akalia. Majirani wakapita wakitazama mawingu, na hilo lilimuuma kuliko vyungu vyenyewe. Akaapa moyoni: jua likitua bila neno la mtu, hatamjali tena yeyote.

Alasiri akaja Kazija, mfinyanzi wa mtaa wa pili na hasimu wake wa miaka mingi, mwanamke ambaye samahani haikuwahi kumtoka kinywani. Alichutama, akaanza kuokota vigae pamoja naye. Mwanashaha akajikata kidole. Kazija akaushika mkono ule.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Pole."

Majirani wakaja mbio. "Amekiri huyo. Na afinyange arobaini."

"Sijakiri kitu," Kazija akajibu. "Kosa si langu. Nimeuona uchungu wake, basi."

Watu wakatazamana. Kumbe yawezekana? Mmoja akajaribu kwa woga, "Pole, Bi Mwanashaha." Akafuata wa pili, na wa tatu. Mwanashaha akafuta machozi.

"Nimeshapoa," akasema, na kweli alikuwa amepoa.

Mara mbuzi akatokea nyuma ya tanuru, kwato nyekundu kwa vumbi la vyungu, shingoni ana kamba ambayo mji mzima uliijua. Kazija alimtazama mbuzi wake, akawatazama watu, akakunja mikono ya nguo.

"Hapo sasa," akasema, "samahani."

Walifinyanga pamoja siku tisa, na wali wa harusi ukapikwa humo.

Na tangu siku hiyo, aliyekosa husema samahani, na asiyekosa husema pole. Ukimsikia mtu anayasema yote mawili kwa pumzi moja, chungulia nyuma ya tanuru.